Tumbo Lilale, Miguu Ibaki na Mdomo

Mtu wa kwanza kunishika miguu bila kuniomba ruhusa alikuwa Daktari wa Usingizi. Nilikuwa mgeni katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji wa Migori, na baada ya zamu ndefu nilikuwa nimevua viatu kwenye chumba cha chai nikasinzia kitini. Nikahisi mkono kwenye wayo wangu, kisha vidole viwili vikibonyeza juu ya mguu, pale damu inapopiga. Niliruka nikamwaga chai ya mwenzangu. Mzee mrefu, mwembamba, kofia ya chumba cha upasuaji bado kichwani, alikuwa ameinama mbele yangu. "Yapo," akasema, akainuka na kwenda zake.

Nilitaka kwenda kumshtaki kwa matroni. Mwenzangu, muuguzi aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alikuwa akipangusa sketi yake huku anacheka.

"Wachana na Janindo," akaniambia. "Akiona mtu amelala lazima aguse miguu. Anatafuta mapigo. Hata askofu akisinzia hapa ataguswa."

Janindo ni neno la Kijaluo, lugha ya nyumbani kwetu. Ni mtu wa usingizi, na kwa kawaida huitwa hivyo yule mvivu ambaye jua humkuta kitandani. Wagonjwa walimbandika jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kuwalaza watu kabla ya kupasuliwa, na lililowachekesha ni kwamba mwenye jina hakuwa na usingizi hata wa kuazima. Ukija zamu ya asubuhi unamkuta. Ukiondoka jioni unamwacha. Macho yake yalikuwa mekundu muda wote na wageni walidhani anakunywa. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, hata chai hakunywa, alikaa nasi chumba cha chai na kikombe cha maji moto.

Siku ya Sabato hakufanya kazi, isipokuwa dharura. Lakini Jumamosi hiyohiyo, kanisa likiisha, ungemwona akiingia wodini na suti yake ya kahawia, Biblia kwapani, akapita kitanda baada ya kitanda akifunua blanketi upande wa chini. Anashika mguu wa kulia, anashika wa kushoto, anafunika, anaenda kwa mwingine. Nilimuuliza siku moja kama hiyo si kazi. Akaniambia kushika mguu ni salamu.

Alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba shule alisoma ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na huko ndiko alikopata Kiswahili chake, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Hapa kwetu Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisini. Mjaluo na Mkuria wakikutana wanakitumia kama jembe la kuazima, kila mtu anashika mpini anavyojua, na kazi inaenda. "Hii mtu", "hii kitanda", "ile maji": hatuna shida nayo.

Yeye alikuwa na shida nayo. Yule muuguzi mwenzangu alinisimulia kwamba zamani Daktari wa Usingizi alikuwa msahihishaji wa hospitali nzima. Mpishi akisema "chakula imeiva", anaambiwa "kimeiva". Mlinzi akisema "gari ngapi imeingia", anazuiwa langoni hadi aseme vizuri. Hata padri aliwahi kusahihishwa sala ilipokwisha, na padri akamjibu kwamba Mungu amezoea. Watu walimtania, lakini walikuwa wakinyamaza akiingia, maana hakuna anayependa kushikwa ulimi mbele za watu.

Mimi nilipofika nilimkuta ameacha. Nilimwambia mwezi wangu wa kwanza, "Daktari, hii mgonjwa yako imetapika." Nikajua nimeharibu, nikangoja. Alinitazama tu, akasema asante, akaenda kwa mgonjwa. Nilidhani ananidharau, kwamba Kiswahili changu kimeoza kiasi cha kutofaa kutengenezwa. Nilikaa na kinyongo hicho muda mrefu, hadi nilipoambiwa habari ya mguu wa Karungu.

Hiyo nitaisema sasa, kwa sababu bila hiyo mtu huyu haeleweki, na pia kwa sababu hakuna aliyefanya naye kazi asiyeifikiria kila anapomkumbuka.

Mimi sikuwepo. Nimeisikia kwa mwenzangu, na baadaye kwake mwenyewe, na masimulizi yao hayakutofautiana. Mara chache kwa mwaka alikuwa akija daktari mpasuaji kutoka mbali, bingwa wa mishipa ya damu, na wagonjwa waliokuwa wamengoja walikusanywa. Mmoja wao alikuwa fundi wa injini za boti kutoka Karungu, kule ziwani. Mshipa wake mkuu wa damu, ule unaoshuka tumboni mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika kwenda miguu yote miwili, ulikuwa umevimba, na mshipa kama huo ukipasuka hakuna wa kuita. Alipasuliwa kutoka chini ya kidari hadi chini ya kitovu, akawekewa bomba la kitambaa mahali pa mshipa mbovu, akashonwa. Kazi ilienda vizuri. Kwa maumivu, Daktari wa Usingizi alikuwa amemwekea kimpira chembamba mgongoni, kinachodondosha dawa ya ganzi polepole. Dawa hiyo huondoa maumivu kuanzia kifuani kwenda chini, tumbo na miguu pamoja.

Kesho yake mpasuaji alikuwa ameshaondoka. Fundi alikuwa amekaa kitandani, anatania wauguzi. Daktari wa Usingizi akapita kumwona, akafurahi, maana hakuna kinachompa raha mtu wa kazi ile kama mgonjwa wa tumbo kubwa, yaani wa upasuaji mkubwa wa tumbo, anayecheka. Fundi akamwambia:

"Daktari, hii mguu imekufa."

"Sema mguu huu umekufa ganzi."

"Eeh. Imekufa."

"Umekufa ganzi," akarudia Daktari wa Usingizi. "Ni dawa ya mgongoni. Nguvu zake zikiisha, utarudishiwa mguu wako."

Fundi alikuwa mtu wa adabu, na daktari ni daktari. Akacheka, akasema polepole kama mtoto wa shule, "Haya. Mguu huu umekufa ganzi." Akapewa pongezi kwa sarufi.

Mguu ulikuwa umekufa. Donge la damu lilikuwa limeteremka na kuziba mshipa wa upande ule, na kwa kuwa dawa ilikuwa imenyamazisha maumivu yote, hakuna kilichopiga kelele. Mkewe ndiye aliyeona, jioni, alipomvua soksi ili amwoshe. Mpasuaji alitafutwa akarudi, lakini hakukuwa na mguu wa kuokoa. Ulikatwa juu ya goti. Kikao kilifanyika, wakubwa wakasema mambo haya hutokea, dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi. Hayo yote yalikuwa kweli. Yeye hakujitetea wala hakujilaumu mbele yao.

Fundi akapona na kurudi Karungu. Tangu siku hiyo, Daktari wa Usingizi hakumsahihisha mtu tena maishani mwake.

Wodini alipiga marufuku neno moja. "Kufa ganzi" halikusemwa. Ungesema "pamelala", ungesema "hapana habari", ungesema lolote utakalobuni, lakini ukisema "kufa" anaacha anachofanya na kuja kitandani kwa huyo mgonjwa, anafunua blanketi na kuanza upya kana kwamba hajawahi kumwona. Wanafunzi wa uuguzi walilijua hilo, na wale watundu walilisema makusudi ili wamwone akija mbio. Nilimzaba mmoja kofi la bega kwa utani huo, na sijutii.

Akabadilisha pia njia yake ya kazi. Hakusema sindano ya mgongoni ni mbaya, maana wako wanaoitumia vizuri na aliwaheshimu. Alisema yeye na ile sindano wameachana, kila mtu akae kwao. Alienda kujifunza njia ya kuziba neva za ukuta wa tumbo peke yake, akarudi na mashine ndogo ya picha ambayo misheni ilimtafutia, na kuanzia hapo wagonjwa wa tumbo kubwa walikuwa wake.

Nilimsaidia mara nyingi na sikuchoka kutazama. Mgonjwa akiwa bado amelala, kidonda kimeshashonwa, alimpaka ile dawa ya utelezi ubavuni, kati ya mbavu na nyonga, akaweka kichwa cha mashine pale. Kwenye kioo ungeona misuli mitatu imelaliana kama matabaka ya chapati. Sindano inaingia polepole, inapita tabaka la kwanza, inapita la pili, inasimama. Hapo ndipo zinapopita neva za tumbo. Anasukuma dawa kidogo, na unaona giza jembamba likifunguka kati ya tabaka na tabaka, linapanuka. "Lala," alikuwa akiliambia tumbo, si mgonjwa. Halafu anaacha kimpira chembamba kila upande ili dawa iongezwe siku zinazofuata. Maumivu ya ndani kabisa hayakuisha yote, kwa hayo alitoa dawa nyingine kidogo kwenye dripu, lakini ukuta wa tumbo, pale penye mshono, ulinyamaza. Na miguu ilibaki macho.

Msemo wake ulikuwa huo: tumbo lilale, miguu ibaki na mdomo. Aliurudia hadi tukawa tunaumalizia. Mguu ukiwa na njaa ya damu, alisema, utapiga kelele kuliko mtoto, kazi yetu ni kutouziba mdomo.

Kueleza jambo hili kwa jamaa za wagonjwa ilikuwa vita, maana Kiswahili kina neno moja, mshipa, na neno hilo ni mshipa wa damu, ni neva, na kwa wengine ni ngiri. Mama mmoja alikuja juu: "Asubuhi mmesema mshipa ya mzee iliziba, mkamkata mkafungua. Sasa huyu Janindo anasema ati ameziba mshipa. Mnafungua ama mnaziba? Mjue moja!" Nilicheka. Daktari wa Usingizi aliketi chini karibu na huyo mama, akachukua pindo la leso yake na uzi wa kikapu, akamweleza kimoja ni mto unaopitisha damu na kingine ni simu inayopeleka maumivu. Mama akaelewa. Alipoondoka akatuambia tungesema hivyo tangu mwanzo.

Kulikuwa na mzee mmoja, muuza ng'ombe wa kwao Isebania, aliyekataa ganzi kabisa. Angelazwa usingizi kwa upasuaji, sawa, lakini baada ya hapo hataki kitu. Walianza kubishana kwa Kikuria, ndipo Daktari wa Usingizi akamwambia aseme Kiswahili ili Sista, ndivyo alivyoniita mimi muuguzi, naye asikie, kwani ndiye atakayemhudumia.

"Mimi nilisimama mbele ya kisu cha tohara, ukoo wote ukiniangalia," mzee akasema. "Sikupepesa jicho. Leo mnataka nidungwe sindano ya maumivu kama mama anayezaa?"

Nilitaka kumwambia kwamba akina mama huzaa bila sindano yoyote na asubuhi wanapika. Daktari wa Usingizi aliniona usoni, akaniwahi.

"Mzee wangu, siku ile walitaka usipepese jicho," akasema kwa upole. "Mimi nataka ukohoe. Mtu akipasuliwa tumbo anaogopa kuvuta pumzi, anapumua juu juu, kifua kinajaa makohozi, na anayepona kisu anauawa na kifua. Uanaume wa hapa ni kukohoa. Ukiweza kukohoa bila dawa yangu, sikugusi."

Mzee akajaribu palepale, akakohoa kwa nguvu, akajiona shujaa. Daktari wa Usingizi akamwomba afikirie kukohoa hivyo akiwa na mshono kutoka hapa hadi hapa, akampitishia kidole juu ya tumbo. Mzee akajishika tumbo. Baadaye akasema basi, lakini tusimwambie mtu kule nyumbani. Siku mbili baada ya upasuaji alikohoa kwa majigambo hadi wodi ya wanawake wakatuma mtu kuuliza kuna nini.

Sasa huyohuyo aliyehangaikia maumivu ya watu, ya kwake aliyaacha yaende yatakako. Jino lake la nyuma liliwahi kuoza, akaenda kung'olewa na akakataa sindano. Daktari wa meno alikuja kutusimulia huku ameshika kichwa. Nilimfokea, maana kufikia hapo tulikuwa tumezoeana na nilikuwa namfokea kama baba mkwe mkaidi. Nikamuuliza anajithibitishia nini.

"Sithibitishi kitu, Sista," akasema, shavu limevimba. "Nilitaka kuwepo likitoka."

Kijaluo hakukijua, miaka yote ile katikati yetu. Alijifunza sentensi moja tu, "Kanye marami?", wapi panakuuma, na aliitamka vibaya hadi wagonjwa wakasahau maumivu kwa kucheka. Lakini aliweka sheria: maumivu yanaulizwa kwa lugha ya mama. Kila mgonjwa mpya wa tumbo lazima apatikane mtu wa kwao wa kumuuliza, hata kama ni mpishi, hata kama ni mfagiaji. Tuliona ni usumbufu. Tungemwambia kwamba mgonjwa anajua Kiswahili, naye angejibu kwamba hata yule fundi alijua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwa naona ndani ya kichwa chake, ila niliona alivyofanya kila alipokuja mgonjwa wa Karungu. Angemhudumia kama wengine. Siku ya kuruhusiwa, angeacha kazi akamsindikiza hadi langoni, jambo ambalo hakumfanyia mwingine. Pale langoni angesimama, akafungua mdomo, na kila mara kinachotoka ni "Nenda salama." Nikamuuliza anataka kuwauliza nini. Akasema anataka kujua kama fundi yupo hai, na kwamba kama yupo, anataka kumsikia akiisema tena ile sentensi, safari hii asimkatize.

"Si uende basi?" nikamwambia. "Karungu si Ulaya."

Akaniambia anaogopa. Alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, mtu mzima mwenye mvi, nami nikaona aibu kwa ukali wangu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilidhani siku ya mama wa Asumbi ingempoza. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mnene, mcheshi, amefanyiwa upasuaji uleule wa mshipa mkuu, na tumbo lake limezibwa neva kwa njia ya Daktari wa Usingizi. Mchana alianza kulalamika kwamba mguu unawaka. Alilalamika kwa Kijaluo, kwa sauti, kwa mimi niliyekuwa nafunga dripu ya jirani yake, na kabla sijamaliza kutafsiri Daktari wa Usingizi alikuwa ameshashika wayo. Ulikuwa umepoa. Mpasuaji alikuwa bado kwenye maegesho, anapakia mizigo. Wakamrudisha ndani, donge likatolewa, na yule mama aliondoka hospitali kwa miguu yake miwili, akitutukana kwa upendo kwamba chakula chetu hakina chumvi.

Wodi nzima ilifurahi. Niliagiza soda. Nilipomtafuta nimpe yake nilimkuta nyuma ya chumba cha dobi, kati ya mashuka yaliyoanikwa, analia.

"Daktari, leo si siku ya kulia."

"Huyu nilimgusa," akasema. "Ilikuwa rahisi namna hii, Sista. Ilikuwa ni kuinama tu."

Nilikaa naye pale hadi soda ikapata moto.

Alistaafu kwa sherehe ya keki na blanketi, akarudi kwao Isebania, nasi tukaendelea. Nilikuwa nimeanza kushika miguu ya kila aliyelala bila kujua, na mume wangu nyumbani alishaniuliza mara kadhaa ninatafuta nini. Ikapita miaka. Mwaka huu, msimu wa mvua ndefu ulipoisha, simu ikalia.

"Sista, wewe ni Mjaluo," akasema, bila salamu. "Nipeleke Karungu. Utanitafsiria. Nataka aseme kwa lugha ya mama yake."

Nilimkuta stendi ya Migori na suti ileile ya kahawia, imekuwa kubwa mwilini. Tulikodi gari. Njiani hakuzungumza, alitazama mashamba ya miwa, halafu vilima, halafu ziwa lilipotokea akafunga macho. Karungu haikuwa kazi kumpata fundi, kila mtu ufuoni anamjua. Alikuwa chini ya kibanda cha mabati, amekaa juu ya tairi kuukuu, injini ya boti imefunguliwa mbele yake juu ya gunia, mikono myeusi kwa oili. Upande mmoja suruali ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa pini. Jua lilikuwa kali na omena zilizoanikwa, wale dagaa wa ziwani, zilinuka hadi ndani ya kibanda.

Aliinua macho, akamtazama mgeni kwa muda, akaweka spana chini.

"Janindo," akasema. "Umezeeka."

"Nimezeeka, bwana fundi. Shikamoo sikupi, tu rika."

Mkewe alitoka nyumba ya pili, akamtazama mgeni vizuri hadi akamtambua, akaleta mkeka na kurudi jikoni. Mumewe alijivuta akakaa mkekani, mguu wake umenyooka mbele. Tukakaa. Nikaanza kwa Kijaluo, kama nilivyotumwa: nikamwambia daktari huyu amekuja kwa ajili ya neno ulilomwambia siku ile hospitalini, anataka ulirudie kwa lugha yetu, mimi nitamtafsiria. Fundi alinisikiliza hadi mwisho.

"Nyara," akaniita, binti yangu, kisha akageukia Kiswahili, "wewe pumzika. Mimi na yeye tutaongea ile Kiswahili tuliongea."

Sijawahi kufukuzwa kazi kwa heshima kama ile.

"Nilikuambia hii mguu imekufa," fundi akasema.

"Uliniambia."

"Haikuwa ganzi. Hiyo ganzi ni yako uliniongezea."

"Ni yangu," akasema Daktari wa Usingizi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikukatiza. Ulisema vizuri, mimi ndiye niliyeharibu."

Fundi alijikuna kichwa kwa kiwiko, kwa sababu ya oili mikononi. "Unajua kitu inanisumbua?" akasema. "Siku ile ilikufa kimya. Haikuuma hata kidogo, nilikuwa nacheka. Sasa wakaikata wakaenda kuizika, sijui walizika wapi. Na ndio ikaanza kuuma. Mpaka leo. Kidole kubwa inaungua, saa hii, tukiongea. Nikikaa peke yangu naisikia imekunja vidole, nataka kuinyoosha na haiko."

Nilimwona Daktari wa Usingizi akiamka ndani ya zile nguo zilizomzidi. Akasogea mbele. Akaanza kusema kwamba iko sindano, panatafutwa neva ya juu, kwenye paja, kwa mashine, pengine inaweza kusaidia kwa muda, na kwamba kule Homa Bay angeweza kumwombea kwa daktari kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mashine yako inaona mguu yenye haiko?" fundi akamuuliza, bila ubaya.

Akatikisa kichwa. "Haioni," akasema.

Ufuoni mtu alikuwa anajaribu kuwasha injini na inakataa, na fundi akageuza sikio kidogo, kama fundi. Halafu Daktari wa Usingizi akapiga magoti mkekani. Akaushika ule mguu uliopo, wayo, kisha vidole viwili juu yake, kama alivyonifanyia mimi chumba cha chai. Akabaki hapo akihesabu kimoyomoyo. Akautoa mkono. Kisha, polepole, akaupeleka upande wa pili, mbele ya suruali iliyokunjwa, pale ambapo wayo mwingine ungekuwa, akauweka juu ya mkeka mtupu.

Nilitaka kumzuia. Niliogopa fundi atadhani anachezewa. Lakini fundi aliutazama ule mkono, akautazama sana.

"Iko baridi?" akauliza.

"Iko baridi," akasema Daktari wa Usingizi.

Fundi akashusha pumzi ndefu, akageuza uso upande wa ziwa.

"Hiyo tu," akasema. "Hiyo tu ndio nilitaka uniambie siku ile."

Mkewe akaja na uji, akampa mgeni kwanza. Daktari wa Usingizi, mtu wa heshima kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akaupokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado pale mkekani, na hakuna aliyemkemea.